Wivu Uchezwao

Katika mambo ambayo nyimbo za mapenzi huyabeba, hakuna lililo gumu kubebeka kwa heshima kama wivu wa mtu aliyekwisha kuachwa. Maana mume au mke aliye bado na mwenziwe ana haki ya kuona ghera, na watu humwelewa, hata pengine wakamsifu, lakini yule ambaye mapenzi yake yamekatika, naye angali akihesabu nyendo za aliyemwacha na kupeleleza ni nani sasa aketiye mahali pake, huyo hana haki awezayo kuidai, hana kadhi wa kumpelekea shauri lake, na kila neno alisemalo humzidishia fedheha. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za namna hii hujificha katika kivuli cha huzuni: mwimbaji hulia, vinanda hulia pamoja naye, nasi tukamwonea huruma kwa kidonda kisicho kile hasa kinachomuuma. Iko aina moja ya muziki iliyokataa kujificha huko, nayo ni ska-panki, muziki uliovuma mno miongoni mwa vijana wa Marekani katika miaka ya 1990, ambao huutoa wivu hadharani, ukauvisha mapigo ya shangwe, ukawaambia watu waruke.

Msikilizaji mgeni, akiusikia wimbo wa namna hii bila kuyafahamu maneno yake, atadhani yuko harusini: gitaa linadunda kwa wepesi, tarumbeta na tromboni zinapokezana kwa bashasha, ngoma zinakwenda mbio, na hadhira inarukaruka jasho likiwatiririka. Akifasiriwa maneno hustaajabu, kwa kuwa anayeimba ni mtu aliyenyang'anywa mpenzi, na anayoyaimba ni matusi, vitisho, na maswali ambayo mtu mwenye akili timamu asingependa kujibiwa. Wako wasemao kwamba huo ni mzaha wa vijana wasiojua mapenzi, na kwamba mahadhi na maneno yamekutana kwa bahati mbaya tu. Sikubaliani nao. Huzuni na wivu ni ndugu waliolelewa nyumba moja, walakini tabia zao ni mbali kabisa; mwenye huzuni hulala akaugeukia ukuta, ilhali mwenye wivu huamka usiku wa manane akatembea chumbani, akapanga maneno atakayoyasema na mapigo atakayoyapiga, akacheka peke yake, akajilaani, kisha akaanza tena. Wivu hautulii, na muziki utakaousema kwa ukweli sharti nao usitulie. Sisi wa pwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili kwa urefu, maadamu tumeona katika kumbi za taarab jinsi mwanamke aliyechukuliwa mume anavyoinuka kwa madaha, noti mkononi, akamtunza mwimbaji huku jicho lake likimwelekea mwenziwe aliyeketi safu ya tatu; ghadhabu yake ni ya kweli, na bado anacheza.

Ska yenyewe ilizaliwa Kingston, mji mkuu wa Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ilikwisha kukomaa wakati kisiwa hicho kilipopata uhuru wake mwezi wa Agosti 1962. Wapigaji wa Kingston walikuwa wakisikiliza bluzi na jazi za Marekani zilizowafikia kwa redio kutoka New Orleans na Miami, na wenye mitambo mikubwa ya santuri, watu kama Duke Reid, Clement Dodd aliyejulikana kwa jina la Coxsone, na Prince Buster, walishindana kuwavuta wachezaji katika viwanja vyao. Santuri za Marekani za namna waliyoipenda zilipoanza kuadimika, wakaamua kurekodi wenyeji, na wenyeji hao, walipoyapiga mapigo ya kigeni, wakayapindua.

Mapinduzi hayo yafaa kuelezwa kwa karibu, kwa kuwa siri yote imo humo. Msomaji na ahesabu kwa sauti, taratibu: moja na, mbili na, tatu na, nne na, kisha akanyage sakafu kwa mguu kila atajapo hesabu, na apige kofi kila atajapo «na». Kofi hilo ndilo gitaa la ska. Katika muziki mwingi gitaa hulifuata kanyagio la mguu. Katika ska gitaa hulikwepa, likaingia katika upenyo ulioachwa wazi, tena huingia kwa mkato mfupi, kwa kuwa mpigaji hulegeza vidole vyake mara tu nyuzi zitoapo sauti, ili sauti ife kabla haijaenea. Matokeo yake ni kwamba mwili haupewi mahali pa kupumzika: mguu ukitaka kushuka, gitaa lauambia upande. Chini ya hayo besi hutembea kwa hatua zilizo sawa, na juu yake tarumbeta, saksafoni na tromboni hubeba mahadhi. Wengi wa wapulizaji wa kwanza walijifunza katika shule ya Alpha, iliyoendeshwa na watawa wa Kikatoliki mjini Kingston kwa ajili ya wavulana maskini na watukutu, na baadhi yao ndio waliounda, mwaka 1964, kikundi cha Skatalites, ambacho mpaka leo ni kipimo cha wengine wote.

Uingereza nitaipita haraka, si kwa sababu haikufanya kitu, bali kwa sababu ilichokifanya kinajulikana zaidi. Wahamiaji wa Jamaika waliipeleka ska huko, na mwaka 1979 Jerry Dammers wa kikundi cha The Specials, katika mji wa Coventry, alianzisha kampuni ya santuri ya 2 Tone, yenye alama ya miraba myeusi na myeupe, ambamo vijana weusi na weupe walipiga pamoja mapigo ya Kingston kwa kasi na ukali wa panki, muziki uliokuwa umelipuka London miaka 3 hivi kabla yake. Lililo la maana kwetu ni kwamba wao ndio waliothibitisha kuwa pigo hili la furaha laweza kubeba giza. Wimbo wao «Ghost Town», ulioshika nafasi ya kwanza nchini humo mwaka 1981, ulisimulia miji iliyokufa kwa ukosefu wa kazi, na watu waliucheza.

Ilipofika California, katika mitaa ya kaunti ya Orange na mji wa Long Beach iliyoko kusini ya Los Angeles, ndoa ya ska na panki ilipata chombo kimoja kidogo kilichokuwa na kazi kubwa, nacho ni pedali: kisanduku cha chuma kilichowekwa sakafuni mbele ya mpiga gitaa, ambacho akikikanyaga huifanya sauti safi ya gitaa ikwaruze na kunguruma. Nyimbo nyingi za ska-panki zimejengwa juu ya kanyagio hilo. Katika beti, gitaa ni safi, jepesi, lenye adabu, likipiga ile «na» yetu. Kikifika kiitikio, mpigaji hukanyaga pedali, gitaa huacha kukwepa likaanza kusaga bila mkato, na ngoma huongeza mwendo. Nasi tukikumbuka mambo yalivyo kwa mtu aliyeachwa, jinsi anavyokutana na marafiki akasema yeye hajambo, anaendelea vizuri, hana kinyongo na mtu, hata litajwe jina moja tu sauti yake ikabadilika mbele ya watu wote, tutaona kwamba wapigaji hawa, pasipo kukusudia pengine, walikuwa wametengeneza umbo linalolingana na tabia ya wivu kuliko lolote nililopata kulisikia. Beti ni uwongo wa adabu. Pedali hutoa ukweli.

Walakini wimbo mashuhuri kuliko zote wa wivu uliotoka katika mitaa hiyo hauna tarumbeta hata moja, wala haukanyagi pedali kwa ghadhabu kama ilivyo ada. Huo ni «Santeria» wa kikundi cha Sublime cha Long Beach, kilichoanzishwa mwaka 1988 na watu watatu: Bradley Nowell aliyeimba na kupiga gitaa, Eric Wilson wa besi, na Bud Gaugh wa ngoma. Sublime walikuwa wakipiga panki, ska, rege na maneno ya kughani ya hip hop katika onyesho moja, na pengine katika wimbo mmoja. Besi ya wimbo huu walikwisha kuitumia katika kipande kisicho na maneno, «Lincoln Highway Dub», kilichomo katika albamu yao ya 1994, na baadaye wakairudia wakaijengea kisa. Albamu iliyobeba jina la kikundi ilitoka tarehe 30 Julai 1996, na Nowell hakuiona. Alifariki tarehe 25 Mei mwaka huo katika moteli mjini San Francisco, kwa heroini, akiwa na umri wa miaka 28, siku 7 tu baada ya kufunga ndoa.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mtu ameibiwa mpenzi wake na mwanamume ambaye yeye humwita Sancho, jina ambalo vijana wa mitaa ya Wameksiko wa California humpa mwizi yeyote wa mapenzi, hata awe nani. Aanza kwa kukana uganga: yeye hafuati Santeria, dini ile ya Kuba yenye asili ya Wayoruba, wala hana kioo cha kutazamia yaliyofichika. Mtu hujiuliza kwa nini aanze na jambo ambalo hakuna aliyemwuliza, na jibu liko wazi kwa yeyote aliyepata kuachwa: amekwisha kulifikiria. Hana dawa ya kumrudisha mwanamke, hana ramli ya kumwonyesha aliko, basi amebaki na fedha za kuwaza tu na bastola. Hapo hutoa kitisho chake cha kwanza, kwamba atampiga Sancho risasi, na kumchapa mwanamke kofi.

Sasa na tusikilize muziki unafanya nini wakati maneno hayo yakisemwa. Mwendo wake ni wa mtu atembeaye kandokando ya bahari jua linapotua. Gitaa linapiga mkato wake bila haraka, na sauti ya Nowell ni laini, tamu, yenye kuvuta vokali zake kama mtu anayemtumbuiza mtoto. Beti limejengwa juu ya mikusanyiko minne ya sauti, ile ambayo wapiga gitaa huiita kodi. Ya kwanza ni nyumbani, ina raha kamili. Ya pili ina sauti moja iliyo ngeni kabisa katika ngazi ya wimbo huo, na kila ipitapo sikio hushtuka kidogo, kama kwamba mtu ametaja jambo lisilopaswa kutajwa. Kisha huangukia ya tatu, ambayo ndiyo ya huzuni, na ya nne hukurudisha ulikotoka. Raha, mshtuko, simanzi, na njia ya kurudi: mzunguko huo hujirudia tena na tena katika beti, wala hauishi. Sijui mwandishi wa riwaya ambaye angeweza kuieleza akili ya mwenye wivu kwa uchache kuliko huo.

Halafu kinakuja kiitikio, na hapo ndipo ufundi wa Nowell unapodhihirika, kwa sababu mahali ambapo wenziwe wangekanyaga pedali na kupiga kelele, yeye hulegea. Husema kwamba hasa analolitaka si kisasi. Yako mambo ya mapenzi asiyoweza kuyaeleza, na roho yake haina budi kungoja mpaka apate mwingine wa kwake. Msikilizaji hupumua, akadhani mtu huyu amepona. Gitaa hupewa nafasi likaimba peke yake, bila mbwembwe, mahadhi ambayo hata asiye mwanamuziki aweza kuyafuatisha kwa mluzi. Kisha beti larudi, na bastola nayo yarudi, tena safari hii ni mpya na imetajwa kwa ukubwa wa risasi yake, na kitisho ni kibaya kuliko kile cha mwanzo. Hajapona. Alikuwa anapumzika tu. Baada ya hapo kiitikio cha upole huimbwa tena, nasi hatukiamini kama tulivyokiamini mara ya kwanza, ingawa mahadhi yake ni yale yale.

Nimepata kuona watu wazima, wenye watoto mabegani, wakiuimba wimbo huu kwa tabasamu tangu mwanzo hata mwisho, na nakiri kwamba hunitia wasiwasi. Kofi lile la beti la kwanza hupita upesi, katika mdundo mtamu, mdomoni mwa mtu mwenye sauti ya upole, na kwa hiyo hakuna anayesimama akauliza. Historia ya ska yenyewe haituruhusu kulichukua jambo hilo kuwa ni maneno matupu. Don Drummond, mpiga tromboni mkuu kuliko wote waliotoka Alpha, mtunzi wa mahadhi ya simanzi yaliyowapa Skatalites roho yao, alimwua kwa kisu mpenzi wake, mcheza dansi Anita Mahfood, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Margarita, katika siku za kwanza za Januari 1965; akaonekana mgonjwa wa akili, akafungiwa katika hospitali ya Bellevue mjini Kingston, na huko akafa mwaka 1969. Kikundi kilivunjika mwaka ule ule wa mauaji. Simtaji ili kumhukumu Nowell, ambaye alikuwa akitunga kisa wala si kuungama, bali kwa sababu naona wimbo wake ni mkubwa kwa kadiri ile ile unavyotisha, na anayeucheza pasipo kuusikia huo upande wa pili ameucheza nusu.

Wenzake Nowell wa Orange walichukua njia nyingine ya kuushinda wivu, nayo ni kujicheka. Reel Big Fish, kikundi cha Huntington Beach, walitoa mwaka 1996 albamu iitwayo «Turn the Radio Off», ambamo umo wimbo «She Has a Girlfriend Now», wa mwanamume anayegundua kwamba aliyemwacha sasa ana mpenzi ambaye ni mwanamke. Utani wake umechakaa kidogo kwa miaka iliyopita, na mwandishi wa leo angeuandika kwa uangalifu zaidi, lakini una mambo mawili ambayo «Santeria» haina. La kwanza ni kwamba mwenye wivu hapa hana Sancho; hana mwanamume wa kujipima naye, hana wa kumtishia, na hasira yake yote, ikibebwa na tarumbeta zenye kelele za shangwe, haina pa kwenda ila kumrudia mwenyewe. La pili ni kwamba aliyemwacha amepewa sauti. Monique Powell, mwimbaji wa kikundi jirani cha Save Ferris, huingia katikati akajibu, kwa sauti kubwa yenye afya isiyo na dalili yoyote ya majuto, na mara moja malalamiko ya mwanamume, yaliyoonekana kuwa mazito alipokuwa anaimba peke yake, hupungua kimo. Ni jambo dogo, nalo ni nadra mno katika nyimbo za wivu za aina zote, ambamo aghalabu anayelalamikiwa huwa hayupo.

Katika kikundi cha No Doubt, cha mji wa Anaheim katika kaunti hiyo hiyo ya Orange, anayelalamikiwa alikuwapo kila usiku. Gwen Stefani, mwimbaji, na Tony Kanal, mpiga besi, walikuwa wapenzi kwa muda wa miaka 7 hivi, na Kanal ndiye aliyeuvunja uhusiano huo. Albamu yao «Tragic Kingdom», iliyotoka Oktoba 1995, kwa sehemu kubwa ni maneno ya Stefani juu ya jambo hilo. Watu wengi huijua «Don't Speak», ambayo ni ya maombolezo, lakini naiona «Sunday Morning» kuwa ndiyo ya kweli zaidi, kwa kuwa humo maombolezo yamekwisha, mapigo ya ska yamerudi, na aliyeachwa anamwambia aliyemwacha, kwa furaha ambayo si njema hata kidogo, kwamba sasa ni zamu yake kuonja yaliyomo kikombeni. Kanal ni mmoja wa watunzi wa wimbo huo. Na kazi ya besi katika ska nimekwisha kuieleza: gitaa likikwepa na sauti ikipaa, besi ndiyo itembeayo kwa hatua zilizo sawa ili wengine wapate mahali pa kusimama. Basi kwa safari ya maonyesho iliyodumu zaidi ya miaka miwili, mshtakiwa alisimama hatua chache kutoka kwa mshtaki wake, akimshikia mwendo ili amshtaki bila kukosea.

Jumamosi ya tarehe 13 Aprili 2024 vikundi vyote viwili, Sublime na No Doubt, vilipanda jukwaani katika tamasha la Coachella, huko Indio katika jangwa la California. Sublime walikuwa na mwimbaji mpya, Jakob Nowell, ambaye alikuwa na umri wa miezi 11 baba yake alipofariki, na ambaye sasa, akiwa na sauti inayofanana na ya baba yake kiasi cha kuwashtua wazee, alimtishia Sancho kwa maneno yale yale, Wilson na Gaugh wakiwa nyuma yake. No Doubt walifuata usiku. Stefani katika miaka iliyopita katikati ameolewa, ametalikiwa, na ameolewa tena na mtu mwingine. Kanal naye ana mwenziwe na watoto. Walizipiga nyimbo za «Tragic Kingdom» kwa kasi ile ile ya 1995, na Stefani, aliyekuwa na umri wa miaka 54, alizunguka jukwaa lote akirukaruka, akimnyoshea kidole mtu ambaye hana ugomvi naye tena.